Mila tuliyobakiza ni nusu: kihamba, ukoo na haki zilizopotea njiani

Katika migogoro ya vihamba, yaani mashamba ya familia yenye nyumba na migomba kwenye Mlima Kilimanjaro, kuanzia Rombo hadi Siha, neno "mila" halikosekani. Kaka mkubwa hulitaja anapokataa kumgawia dada yake. Mtoto wa mwisho hulitaja anapodai nyumba ya wazazi. Mjane huambiwa kwamba mila haimtambui, afungashe arudi kwao. Wanaosema hivyo hawajatunga; kila mmoja ameshika kipande cha jambo lililokuwepo kweli. Tatizo ni kwamba ni kipande tu. Utaratibu wa ardhi uliokuwepo mlimani kabla ya ukoloni ulisuka haki na wajibu pamoja. Sisi tumebakiza zile haki zinazompendelea mwenye sauti kwenye kikao cha ukoo, na wajibu tumeuacha uondoke na umangi, yaani utawala wa machifu wa Kichaga. Mila iliyokatwa namna hiyo tumeitengeneza wenyewe, na inawaumiza watu.

Tuanze na ardhi yenyewe, maana sababu za mengi ziko huko. Mchaga alikuwa na ardhi za aina mbili. Kihamba kilikuwa katika ukanda wa kati wa mlima, takribani kati ya mita 900 na 1,900 juu ya usawa wa bahari. Ndani yake kulikuwa na nyumba, migomba, magimbi, viazi vikuu, miti ya malisho na ng'ombe wa zizini. Kahawa iliongezeka baadaye, baada ya wamisionari kuileta. Shamba lilikuwa chini, kwenye tambarare yenye joto, likilimwa ulezi, na baadaye mahindi na maharage. Kihamba kilikuwa cha kudumu, baba akimwachia mwana. Shamba lilishikwa kwa kutumika: mchili, yaani mkuu wa mtaa chini ya mangi, aligawa na kugawa tena, na aliyeacha kulima hakuwa na la kusema mwingine alipoingia.

Tofauti hiyo ilitokana na mazao. Shina la mgomba likitiwa samadi na kupunguzwa machipukizi hukaa palepale kwa miongo. Mtu hawezi kubeba samadi kwenye kilima kila mwaka kama hajui mwanawe ndiye atakayekula ndizi. Ulezi unavunwa msimu mmoja na deni la mkulima kwa udongo linaishia hapo. China walifikia jibu lilelile bila kuwajua watu wa mlima huu. Mwaka 485 utawala wa Wei ya Kaskazini ulipanga kwamba kila mwanamume mzima apewe mu 40 (mu ni kipimo cha eneo cha Kichina) za ardhi ya nafaka na mwanamke mu 20, zirudi serikalini akizeeka au akifa. Juu yake mwanamume alipewa mu 20 za miforosadi, mti unaolisha viwavi wa hariri, na hizo zilirithiwa moja kwa moja. Mti ndio ulioleta urithi. Pemba na Unguja wakaenda mbali zaidi: mkarafuu unaweza kuwa wa mtu mmoja na udongo chini yake ukawa wa mwingine.

Kwa hiyo anayesema "ardhi ya mababu ilikuwa ya wote" amekosea, na anayesema "kihamba kilikuwa cha baba, kwisha" amekosea vilevile. Ndani ya kihamba kimoja haki zilikuwa zimepangwa tabaka juu ya tabaka. Mangi alikuwa na neno la mwisho juu ya pori na juu ya kihamba kilichohamwa. Ukoo ulikuwa na sauti juu ya mgeni anayeingizwa katikati yake. Mume alikuwa na ng'ombe na mamlaka ya kugawa. Mke alikuwa na ndizi za chakula, na kazi ya mboga na maziwa ilikuwa mikononi mwake. Jirani alikuwa na njia ya kupita. Waliokufa walikuwa na makaburi yao mumo humo. Na katikati ya vyote ulipita mfongo, yaani mfereji wa maji.

Mfongo unastahili maneno zaidi, kwa sababu ndipo mfumo huu ulipoonyesha akili yake. Maji yalichepushwa juu mtoni, yakaongozwa kwa mfereji wa udongo kando ya kilima, yakipita vihamba vya watu wengi kabla ya kufika yanakokwenda. Ukoo wa aliyeuchimba ulishika uongozi wake. Zamu zilihesabiwa kwa sehemu za siku, na penye nduwa, yaani bwawa dogo, maji ya usiku yalikingwa yatumike asubuhi. Mwenye kihamba hakuwa na ruhusa ya kuufukia mfongo unaopita kwake hata kama yeye hapati tone. Asiyefika kwenye kazi ya kusafisha na kuziba mianya kabla ya kiangazi alilipa faini, mara nyingi mbege (pombe ya ndizi) au mbuzi, au zamu yake iliruka. Haki ya maji ilikuja na jembe. Leo mfongo unakufa kwa sababu rahisi mno: mmoja amejenga ukuta wa matofali juu yake kwa kuwa "ni kwangu", na walio chini wamechoka kugombana.

Haki za tabaka hazikuwa jambo la Waafrika peke yao. Katika vijiji vingi vya Uingereza ya kati, karne nyingi kabla ya viwanda, mkulima alikuwa na vipande vyembamba vilivyotawanyika katika mashamba makubwa yasiyo na uzio. Vilikuwa vyake tangu kupanda hadi kuvuna. Mavuno yakishatoka, ng'ombe wa kijiji kizima waliingia kula mabua, na maskini waliokota masuke yaliyobaki. Kuzungushia uzio kulikuwa kumnyang'anya mwenzako. Kisha kati ya mwaka 1604 na 1914 Bunge lao lilipitisha sheria zaidi ya 5,000 za kuzungushia uzio. Wenye hati walipata vipande vyao vilivyounganishwa. Wenye haki ya kulisha ng'ombe mmoja au kuokota kuni, ambayo haikuandikwa popote, wengi wao waliondoka mikono mitupu.

Mfano wa karibu zaidi na sisi ni Buganda, ufalme ulio ndani ya Uganda ya leo. Mkataba wake na Waingereza wa mwaka 1900 uligawa ardhi kwa maili za mraba (ndiyo asili ya jina "mailo"), zaidi ya 8,000 kati yake zikienda kwa Kabaka, yaani mfalme, familia yake na machifu wapatao elfu moja. Aliyekuwa na mamlaka ya kugawa na kupokea ushuru akageuzwa kuwa mwenye mali. Mkulima mwenye kibanja, yaani kipande anachokaa na kulima, akageuka mpangaji kwenye ardhi aliyozaliwa, na koo zenye makaburi ya mababu zikakuta yako ndani ya maili ya mtu mwingine. Miaka zaidi ya mia imepita na migogoro ya mailo na kibanja haijaisha. Mambo haya mawili yana kosa moja la kiufundi: siku ya kuandika, iliandikwa haki moja juu ya kila kipande, na nyingine zote zikafa kimya. Sisi Moshi na Meru, tunaoandikisha vihamba vyetu kwa hati, tuko kwenye siku hiyo ya kuandika sasa hivi.

Kwenye urithi ndipo nusu ya mila inapoumiza kuliko kwingine kote. Kanuni iliyozoeleka Uchagani ni kwamba mwana wa kwanza hupewa kihamba chake mapema, wa mwisho hubaki na wazazi na kurithi nyumba, na wa katikati hutafuta. Watu wa nje hushangaa kuhusu mtoto wa mwisho, lakini kanuni ya kumrithisha yeye ilikuwepo hata katika baadhi ya miji ya Uingereza ya zamani, na watu wa Kent, hukohuko Uingereza, waligawa sawa kwa wana wote wa kiume. Sababu ya kumpa wa mwisho ni kazi: yeye ndiye aliyekuwa nyumbani wazazi walipozeeka. Alirithi nyumba pamoja na mama yake, amtunze hadi kaburini. Leo tunaona wa mwisho anayeishi Dar es Salaam akidai nyumba kwa mila, wakati mama analishwa na binti aliyerudi baada ya ndoa kuvunjika. Ukitazama sababu ya kanuni, dai la binti ndilo lenye nguvu.

Na hao wa katikati? Neno "watafute" lilikuwa na maana kwa sababu palikuwa na pa kutafuta. Kijana alikwenda kwa mchili au kwa mangi na pombe na mnyama, akaonyeshwa pori, akalifyeka, akapanda migomba na kuzungushia masale, mimea ya kuonyesha mpaka. Mlango huo ulifungwa kwa hatua. Tarehe 26 Novemba 1895 Wajerumani walitangaza kwamba ardhi yote isiyothibitishwa kuwa ya mtu ni ya Dola lao, na walowezi wakaanza kupewa mashamba makubwa chini ya vihamba. Waingereza waliichukua ardhi yote kuwa ya umma kwa sheria ya mwaka 1923, wakaja kuitambua haki ya kimila waziwazi katika marekebisho ya 1928. Juu, msitu ulitengwa kuwa hifadhi mwaka 1921. Baadaye ukaachwa ukanda wa nusu maili kwa kuni na malisho, na hifadhi ya taifa ikaja mwaka 1973. Upande wa Meru mashamba ya walowezi yaliuzunguka mlima hadi watu wakakosa pa kushukia. Novemba 1951 serikali ya kikoloni iliwaondoa Wameru wapatao 3,000 kutoka Engare Nanyuki ili walowezi wapate eneo la mifugo. Kirilo Japhet akalipeleka shauri hilo Umoja wa Mataifa mwaka 1952, akisaidiwa na Earle Seaton, wakili aliyekuwa na ofisi Moshi. Umangi wenyewe ulifutwa kisheria mwaka 1963, na pamoja nao ukaondoka wajibu wa mtawala kumtafutia kijana ardhi.

Fanya hesabu. Kihamba cha ekari mbili, ambacho kwa leo ni kikubwa, kikigawanywa kwa wana wanne, kila mmoja anapata nusu ekari. Kila mmoja naye akigawia wanne, mjukuu anapata moja ya nane ya ekari, karibu mita za mraba 506. Ondoa nyumba, choo, banda na kinjia, tuseme mita za mraba 200. Zinabaki 306. Migomba kwa nafasi ya mita tatu kwa tatu hula mita tisa kila shina: mashina 34, bila kahawa hata mche mmoja. Hakuna mila ya kale iliyokusudia hilo. Wazee waliogawa kwa kanuni ya wa kwanza na wa mwisho walijua waliobaki wana pori. Sisi tumeshika kanuni huku pori halipo, tukamwita mtoto wa tatu mkorofi anapolalamika.

Jambo jingine lililotupwa ni kukomboa. Katika jamii nyingi zilizotegemea kilimo, ardhi ya familia iliweza kuwekwa rehani, lakini kuiuza moja kwa moja kulikuwa na vizuizi. Wasomaji wa Biblia wanaijua sura ya 25 ya Mambo ya Walawi: kila mwaka wa hamsini shamba linarudi kwa familia, na bei ya kuuza inapimwa kwa idadi ya mavuno yaliyobaki hadi mwaka huo. Kilichouzwa hasa kilikuwa mavuno. Nyumba ndani ya mji wenye ukuta ilitengwa: ukishindwa kuikomboa ndani ya mwaka mmoja, imekwenda. Waandishi wa sheria hiyo walitofautisha mali ya kula na mali ya biashara. Mlimani nako ndugu alitarajiwa kuulizwa kwanza. Leo kijana mwenye shida huuza kona ya kihamba kupitia dalali kwa mkataba wa karatasi moja, na ukoo husikia siku mnunuzi anashusha mchanga. Sheria inataka uhamisho wa ardhi ya kijiji upite kwenye halmashauri ya kijiji. Mkataba wa chumbani humwachia mnunuzi kesi na muuzaji aibu.

Kuna pia watu waliokaribishwa. Zamani mwenye vihamba viwili aliweza kumweka mtu kwenye kimoja, na yule mtu alileta mbege kila mwaka. Wengi huuona huo kuwa ubwana tu. Ulikuwa pia ushahidi: mara moja kwa mwaka, mbele ya majirani wanaokunywa, ilionekana nani ni mwenyewe na nani ni mkaribishwa. Mbege ile imekoma na hakuna kilichoshika nafasi yake. Mtunzaji anakaa miaka ishirini, anapanda miparachichi, anajenga, wazee waliojua wanakufa, kisha watoto wa pande zote mbili wanakutana barazani wakiwa na imani safi kila mmoja kwamba ni kwao. Sheria ya ukomo inaweka miaka 12 ya kudai ardhi, na ingawa mahakama zimekuwa zikisema mkaribishwa hawi mmiliki kwa kukaa tu, kuthibitisha kwamba alikaribishwa bila shahidi hai ni kazi ngumu. Karatasi ya ukurasa mmoja, inayosainiwa upya kila Januari na pande zote mbili pamoja na balozi au mwenyekiti wa kitongoji, inafanya kazi ileile ya ile mbege.

Tusiupambe utaratibu wa zamani. Mangi alidai kazi za lazima, aliweza kumnyang'anya aliyemkosea, na binti hakuwa na fungu lake. Mjane alilindwa, lakini kwa kuwekwa chini ya shemeji. Hayo hatuna sababu ya kuyarudisha, na sheria haituruhusu. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, namba 5 ya mwaka 1999, inatambua mila katika ardhi, lakini inabatilisha mila yoyote inayomnyima mwanamke, mtoto au mwenye ulemavu kumiliki au kutumia ardhi. Kabla yake, mwaka 1990, Mahakama Kuu Mwanza katika shauri la Holaria Pastory ilikuwa imekwisha kuamua kwamba mwanamke wa Kihaya ana haki ya kuuza ardhi ya ukoo aliyorithi sawa na mwanamume. Kwa hiyo mwenyekiti wa ukoo anayesema "kwetu binti harithi" anasimamia jambo ambalo baraza likifuata sheria halitalishika.

Tufike kwenye utendaji. Hati ya hakimiliki ya kimila ina nguvu sawa na hati inayotolewa kwenye ardhi nyingine, na kwa mkazi wa kijiji inaweza kuwa isiyo na ukomo wa muda. Kwanza kijiji kiwe na cheti cha ardhi yake, na mipaka iwe imekubaliwa na vijiji jirani. Kisha familia inajaza fomu ya maombi kwa halmashauri ya kijiji, ambayo inatakiwa kuamua ndani ya siku 90. Mipaka inahakikiwa uwandani majirani wakiwepo, hati inaandaliwa, inasainiwa na kusajiliwa wilayani, na nakala inabaki kwenye masjala ya kijiji. Mzozo ukitokea, huanzia kwenye baraza la ardhi la kijiji, lenye wajumbe saba ambao wasiopungua watatu ni wanawake, na kazi yake ni kusuluhisha.

Mambo huharibika pale pale ambapo Waingereza na Waganda waliharibikiwa. Fomu ina nafasi ya jina la mwombaji, na familia huandika jina la kaka mmoja "ili iwe rahisi". Miaka michache baadaye hati ile imewekwa dhamana benki. Andikeni majina yote, pamoja na mama mzazi kama yu hai na pamoja na mabinti, hata kama mmekubaliana kwamba hawatajenga hapo.

Kosa la pili ni kipimo. Kifaa cha mkononi cha kusoma satelaiti kinaweza kukosea mita tatu hadi tano, na chini ya migomba na miti mirefu hali ni mbaya zaidi. Kwenye shamba la ekari 50 hilo si kitu. Kwenye kipande cha mita 20 kwa 25, kosa la mita tatu kwenye upande mrefu ni mita za mraba 75, asilimia 15 ya urithi wa mtu. Hivyo kwa vihamba vidogo pimeni kila upande kwa tepu, andikeni urefu kwenye muhtasari, na taja sale zilizopo: ngapi, upande gani, na kona zipi. Sale iliyopandwa zamani ina shina nene na mizizi iliyoshika. Iliyohamishwa usiku huonekana kwa udongo wake. Mzee wa jirani anayejua kusoma hilo aitwe angali hai.

La tatu, na ndilo linalosahauliwa karibu kila mahali, ni kuandika haki za wasio wamiliki. Njia: ipite wapi na upana gani, mita moja na nusu inamtosha mtu mwenye mkungu kichwani, lakini gari la wagonjwa linahitaji tatu. Mfongo: unaingilia wapi, unatokea wapi, nani anasafisha, na kwamba hautafukiwa, kikundi cha watumiaji nacho kiwe na kibali cha maji kutoka Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani, maana mila peke yake haitambuliki tena mtoni. Makaburi: yahesabiwe, na haki ya ukoo kuyafikia iandikwe hata kama kipande kile kitauzwa. Mjane: chumba kipi, migomba ipi, na kwamba hatolewi akiwa hai. Ardhi iliyo ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto isihesabiwe kuwa fungu la kujenga, kwa sababu sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu hapo, na mara nyingi kipande hicho cha korongoni ndicho anachopewa yule asiyependwa.

Na pale hesabu inapotoa mita za mraba 506, kuna njia ambayo koo chache zimeanza kuifuata na ambayo tunaiunga mkono kwa dhati: kihamba kisikatwe. Kibaki kimoja, hati iwe ya familia, anayekaa na kulima alipe waliobaki sehemu ya mavuno iliyokubaliwa, na wote wawe na haki ya kuzikwa hapo na ya kuulizwa kwanza kabla ya kuuza. Makubaliano hayo yanahitaji muhtasari wenye majina, saini na namba za vitambulisho, nakala moja kwa kila tawi la familia na moja ofisi ya kijiji. Desemba ndiyo nafasi, watu wote wakiwa wamepanda mlimani kwa Krismasi. Kikao kiitwe tarehe 27 au 28, si mkesha wa mwaka mpya wakati nusu yao wameshafunga mizigo, na mwenyekiti wa kijiji apewe taarifa wiki mbili kabla, kwa kuwa siku hizo anaitwa na koo zote.